Uzoefu wangu na Trelby: programu iliyonionyesha kwamba wahusika wangu hawanyamazi

Nimeitumia Trelby kwa miezi 14 kuandika skripti ya filamu ndefu ya Kiswahili, na ninaandika haya kwa ajili ya mwandishi mwenzangu wa hapa Uganda anayetafuta programu ya bure, isiyohitaji intaneti, ya kumsaidia kuuona mwendo wa hadithi yake. Ni programu huria ya Windows na Linux, na hata kompyuta yangu ya mtumba huiendesha bila shida. Hupanga yenyewe vichwa vya maonyesho, majina ya wahusika na majibizano kwa utaratibu unaokubalika, na hilo ni jambo la msingi, kwa sababu desturi ya kukadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya filamu hutegemea utaratibu huo pamoja na herufi za Courier za pointi 12.

Faida kubwa niliyoipata imo katika ripoti ya maonyesho. Skripti yangu inahusu dereva wa lori na utingo wake waliokwama siku tatu kwenye foleni ya mpaka wa Malaba, na rasimu ya kwanza ilifika kurasa 131. Wenzangu walioisoma walisema inachosha, lakini hakuna aliyeweza kunionyesha inachosha wapi. Ripoti iliniorodheshea kila onyesho, idadi ya mistari yake, asilimia ya mistari ya vitendo na wahusika wanaosema, nami nikagundua kwamba katika maonyesho mengi ya foleni vitendo havikufika hata sehemu ya kumi. Watu wawili walikaa barabarani siku tatu, wala hawakunyamaza.

Nilitafakari sana chanzo cha maneno hayo mengi. Nimekulia katika vibanda vya video vya Kampala, ambako VJ huitafsiri filamu kwa Kiluganda papo hapo na kujaza kila pengo kwa sauti yake. Mhusika akitazama nje ya dirisha bila kusema neno, VJ humsemea. Naiheshimu kazi hiyo, na ndiyo iliyonitia mapenzi ya filamu, ila ilinizoesha kuuona ukimya kuwa ni tundu la kuzibwa. Katika onyesho la usiku wa pili nikafuta karibu majibizano yote, nikambakiza utingo akihesabu noti kwa mwanga wa simu, na dereva akijifanya amelala. Kurasa nne zikawa moja na robo. Tulipolisoma kwa sauti huku tukipima kwa saa, na kuuacha ukimya uchukue nafasi yake, lilichukua karibu dakika tatu. Kwa hiyo onyesho la namna hiyo halipimiki kwa kurasa, na programu yoyote haiwezi kumsaidia mwandishi hapo.

Jambo la pili linahusu kasi yangu mwenyewe. Namba ya ukurasa huonekana wakati wote chini ya kioo, nami nilikuwa nimejiwekea kurasa nne kwa siku. Safu ya majibizano ni nyembamba, hivyo hujaza ukurasa upesi kuliko maelezo ya vitendo, na nilipochoka niliwafanya watu waongee ili nifikishe hesabu. Sasa naandika kwanza kwa kalamu daftarini, onyesho moja kwa siku, liwe refu au fupi, na Jumamosi ndipo nayaingiza yote katika programu. Rasimu ya tatu ina kurasa 98, na ilinichukua muda mrefu kuliko mbili za mwanzo zikijumlishwa.

Ukaguzi wa tahajia ni wa Kiingereza, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili atasahihisha mwenyewe. Uwezo wa kulinganisha rasimu mbili umenifaa sana. Ripoti ya maonyesho siku hizi naitoa mara moja tu, rasimu ikishakamilika, kwa sababu nikiitoa katikati huanza kuandika kwa ajili ya asilimia.