Tathmini ya matembezi ya kuongozwa: kutoka Kaloleni hadi Pangani

Nililipa shilingi 1,500 kwa matembezi haya ya Jumamosi jijini Nairobi, yanayokusudiwa kumweleza mtu wa kawaida mji unavyobadilika na kufufuliwa, na naona fedha hizo zilitumika vyema. Kundi letu la watu kumi na wanne lilikutana saa mbili asubuhi karibu na City Stadium, kwenye Barabara ya Jogoo, likapita Kaloleni, Shauri Moyo na Pumwani, kisha likamalizia Pangani. Kiongozi wetu ni mzaliwa wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, na hilo hudhihirika anapofika penye makazi ya watu, kwani hupiga hodi na kusubiri, wala haruhusu picha kabla ya mwenyeji kuridhia.

Kaloleni ndiko tulikokaa zaidi. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, kwa kufuata wazo la mji wa bustani, yaani makazi yenye nafasi za kijani, ambalo Ebenezer Howard alilitangaza Uingereza mwaka 1898, na ndiyo maana nyumba zake za mawe ni fupi na zimeachiwa viwanja vya pamoja. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alituonyesha mparachichi nyuma ya jikoni lake. "Huu nilipanda mimi, wanangu," alisema. "Waliokuja kupima waliandika nyumba, mti hawakuuandika." Kiongozi alitumia maneno hayo kueleza tofauti kati ya mwenye hati na mpangaji, kwamba fidia humfuata mwenye hati, ilhali miaka arobaini ya mpangaji, pamoja na mti, jiko aliloongeza na jirani anayemlelea wajukuu, haina safu katika fomu ya tathmini. Sijawahi kusikia dhana ya kuhamishwa ikielezwa kwa uwazi kiasi hicho.

Shauri Moyo ilinigusa kwa namna nyingine. Mtaa huo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliobomolewa kijiji chao cha Pangani, nami nimepita hapo tangu utotoni, nikienda soko la Burma kununua nyama, bila kujua habari hiyo. Saa mbili baadaye tulisimama Pangani yenyewe, mbele ya maghorofa yaliyochukua nafasi ya mtaa wa nyumba za kaunti uliokuwa na familia 48, ambazo ziliahidiwa nyumba katika mradi huo mpya wa nyumba zaidi ya 1,500. Hapo ndipo kiongozi alipoleta neno jentrifikesheni, lililobuniwa na mwanasosholojia Ruth Glass mwaka 1964 alipoandika kuhusu London, ambako watu wa tabaka la kati waliingia mitaa ya wafanyakazi na wenyeji wakasukumwa nje. Alitutahadharisha tusilibandike neno hilo kila mahali, kwa kuwa kubomolewa kwa amri ya serikali si sawa na kuondoka kwa sababu kodi imepanda. Tahadhari hiyo niliithamini sana, maana watu wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Kasoro zipo, na nazisema kwa kuwa huduma hii inastahili kuboreshwa. Pumwani tuliipita kwa dakika ishirini tu, jambo lisilokubalika kwa mtaa wenye umri wa karne moja hivi. Ushirikishwaji wa wananchi uligusiwa kwa mfano mmoja mzuri, wa Mukuru, mitaa ya mabanda iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake lenyewe, na ambako wakazi waliwakilishwa kuanzia makundi ya kaya kumi, kisha tukaondoka bila nafasi ya maswali. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, ingawa mazungumzo yote barabarani yalikuwa ya Kiswahili. Mkazi wa Eastlands naye hutozwa kiasi kilekile anachotozwa mgeni, na mama wa mparachichi hawezi kulipa fedha hizo ili asikie habari za mtaa wake.

Atakayekwenda avae viatu vilivyofunikwa, kwa sababu njia ya kando ya soko la Gikomba huwa na matope na mikokoteni mingi siku ya Jumamosi. Nimekwisha kulipia nafasi mbili za mwezi ujao, moja yangu na nyingine ya baba yangu, ambaye marehemu nyanya yake alikuwa miongoni mwa waliohamishiwa Shauri Moyo.