Mchanga wa mtoni: marufuku au kibali?

Kila mto unapobaki mwamba mtupu, mjadala huibuka upya Ukambani, mashariki mwa Kenya: uchimbaji wa mchanga upigwe marufuku kabisa, au uruhusiwe kwa kibali?

Kwa afya ya mto, marufuku inashinda. Mito mingi ya kaunti za Makueni na Kitui hukauka juu kwa miezi, lakini maji hubaki ndani ya mchanga, na wenyeji hufukua visima vifupi wakateka. Mchanga ukisombwa, mafuriko hupita kasi, kingo hubomoka, visima hukauka. Mto uliochimbwa hadi mwambani lazima upumzishwe. Sioni njia nyingine.

Kwa gharama, kibali kina nafuu. Kaunti hupata ada, vijana wanaopakia malori hawakosi kibarua, na mjenzi halazimiki kununua mchanga wa magendo. Sheria ya Makueni ya 2015 ilifuata njia hii, ikaunda mamlaka maalumu ya kusimamia mchanga.

Usimamizi ni mgumu kote. Chini ya marufuku, kila lori linalotoka mtoni na mchanga lina kosa, ila wachimbaji huhamia usiku. Kibali nacho kinadai wakaguzi wa kupima kina, na umbali wa mita 100 kutoka darajani uliowekwa na mwongozo wa 2007 wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Wasipokuwepo, ni karatasi tu.

Kama kijiji chenu kinakunywa kutoka mto huo, daini marufuku. Kama mvua huujaza mchanga kila mwaka na kamati ya wenyeji ni imara, kibali kitawafaa.