Mkono unauma kwa kukata vitambaa? Hiki ndicho cha kununua kwanza

Shuka moja la viraka la mita 2 kwa 2, lenye miraba ya sentimita 10, linataka vipande 400. Ukivikata kwa mkasi kimoja kimoja, kiganja kinafumba na kufumbua zaidi ya mara 2,000 kabla hujakaa kwenye cherehani. Mimi nashona kwa mabaki ya vitenge na khanga, na ninachoamini ni hiki: kinachouumiza mkono si urefu wa kazi bali ni kule kubana. Kwa hiyo vifaa nimevipanga kwa kuangalia kipi kinapunguza kubana kwingi zaidi kwa pesa unayotoa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima mkasi ulio nao. Kunja kitenge tabaka nne, ukate moja kwa moja hadi ncha ya mkasi. Kitambaa kikitafunwa, au ukijikuta unausukuma mkasi kwa gumba ili ukate, makali yamekwisha au skrubu imelegea. Mtafute mnoaji aliyezoea mikasi ya mafundi. Anayenoa visu vya jikoni na mapanga anaweza kuharibu mlalo wa makali, na hapo mkasi mzuri unageuka chuma tu. Mkasi butu unaweza kukufanya ubane kwa nguvu maradufu bila kujua.

1. Kisu cha gurudumu, mkeka wake na rula

Kwa viraka, hiki ndicho cha kwanza, na sioni cha kukikaribia. Ni wembe wa mviringo uliowekwa kwenye mpini. Unausukuma kando ya rula nao unabingirika. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979. Vidole havifumbi wala kufumbua, kazi inahamia kwenye bega na uzito wa mwili. Lile shuka la vipande 400, ukipanga tabaka nne nne, linakwisha kwa mikato kama 200 tu.

Chukua wembe wa milimita 45. Wa 28 ni wa mipinde midogo. Wa 60 unapita tabaka nyingi au kitambaa kizito kama jinzi, lakini mpini wake ni mkubwa kwa kiganja kidogo. Ulizia kwanza bei ya nyembe za akiba, na kama duka linazo siku zote. Mpini wa bei rahisi usio na wembe wa kubadilishia utakuacha njiani. Wembe ukianza kuruka nyuzi, badilisha siku hiyo hiyo. Ukiendelea kuukandamiza unarudisha maumivu yale yale uliyoyakimbia.

Usidanganywe ununue kisu peke yake. Juu ya kigae au kioo wembe unakufa papo hapo, na mbao inaumaliza taratibu. Mkeka usiwe chini ya sentimita 45 kwa 60. Usiuweke juani, usipige pasi juu yake, maana ukijikunja haunyooki tena. Rula iwe ya plastiki nene inayoonyesha kitambaa chini yake. Sukuma wembe kutoka kwako kwenda mbele, vidole vya mkono wa pili vikae katikati ya rula, na wembe ufungwe kila unapoweka kisu chini. Nasisitiza hili kwa wenye watoto wadogo nyumbani, kwa sababu wembe huo unakata kidole kabla hujahisi. Toa na pini zote njiani. Pini moja inatosha kung'oa makali.

2. Mkasi wa fundi wenye mpini uliopinda

Ukikata magauni na mashati zaidi kuliko viraka, anza na huu. Mpini ukipinda kwenda juu, ubapa wa chini unalala mezani, kitambaa hakinyanyuki na kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka. Inchi 8 au 9 zinatosha wengi wetu. Wa inchi 12 unasifiwa sana madukani, lakini uzito wake utauhisi jioni. Tundu la chini liingize vidole vitatu au vinne bila kubana. Mwenye shoto atafute mkasi wa shoto wa kweli, ambao hata bapa zake zimegeuzwa, si mpini peke yake.

3. Mkasi wa springi

Unajifungua wenyewe, wewe kazi yako ni kufumba tu. Unamfaa sana mwenye baridi yabisi ya vidole. Nimeuweka wa tatu kwa kuwa kubana bado kupo.

4. Mashine ya umeme ya kukatia

Ni ya anayekata sare za shule kwa madazeni. Kwa shuka moja kwa mwezi ni pesa iliyolala, tena ni nzito na inataka umeme wa uhakika. Ukiinunua, nunua pamoja na glavu ya nyuzi za chuma kwa mkono unaoshika kitambaa.

Ukienda Kariakoo, au Biashara Street ya Mombasa, beba kipande chako cha kitenge na umwombe muuzaji ukate tabaka nne palepale. Akikataa, nenda duka la pili.

Vidole vikikufa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, mwone daktari kwanza. Huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, na hakuna mkasi unaotibu hilo.

Na meza. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, chini mno kwa anayekata akiwa amesimama: mgongo unapinda na bega linabeba kila kitu. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo cha meza inayokufaa. Kwa watu wengi, kipande kimoja cha mbao nene chini ya kila mguu wa meza kinafikisha hapo.