Unanunua Nintendo Switch ya mtumba? Igeuze usome namba kwanza

Jamani hii mashine ya gemu, unayoishika mkononi au kuichomeka kwenye tivi, inachanganya watu kwa sababu ziko mbili zinazofanana kama mapacha, ya 2017 na ya 2019, kioo kilekile cha inchi 6.2, memori ileile ya GB 32, padi zilezile, ila moja chaji inakata ukiwa ndo kwanza umenogewa na nyingine unamaliza nayo safari nzima. Mi nilishaingia mkenge, niliuziwa ya 2017 nikaambiwa ndo "ile mpya", na namba ilikuwa hapohapo mgongoni wala sikuisoma.

Ningekuwa nanunua leo ningezipanga hivi.

Namba moja ni Switch OLED (OLED ni aina ya kioo chake), ile ya Oktoba 2021, mgongoni imeandikwa HEG-001. Kioo inchi 7, nyeusi yake nyeusi kweli, GB 64, na kile kiguu cha kuisimamishia mezani sasa ni kipana, cha zamani kilikuwa kama kijiti cha kuchokonolea meno. Ila asikudanganye mtu eti gemu zinakimbia zaidi, hamna, nguvu ni zilezile na ukiichomeka kwenye tivi picha haitofautiani na hiyo inayofuata hapa chini. We mtu wa tivi tu? Ruka, hela yako itaenda kwenye kioo usichokitazama.

Namba mbili, na kwa wengi ndo ya kununua, ni toleo la 2019, HAC-001(-01). Hayo mabano ndo kila kitu! Ya 2017 inaishia HAC-001 basi. Betri hawakuigusa, ni mAh 4310 kote kote, walichobadilisha ni chipu, ya zamani ilikuwa ya nanomita 20 wakaweka ya 16 ambayo inakula umeme kidogo, basi ikatoka saa 2.5 mpaka 6.5 ikawa saa 4.5 mpaka 9 kutegemea na gemu. Nintendo wenyewe walitoa mfano wa gemu ya Zelda Breath of the Wild, kama saa 3 kwenye ya zamani na kama 5.5 kwenye hii. Boksi lake ni jekundu lote, la zamani lina mkono umeshika mashine, lakini boksi si ushahidi maana mtu anaweza akakupa boksi la hii na mashine ya ile, na kava la nyuma nalo hubadilishwa. Mwambie aiwashe, ingia kwenye setingi uangalie sirio namba, ikianza na XKW ni ya 2019, ikianza na XAW ni ya zamani. Akianza kukuharakisha usiangalie, ondoka zako.

Namba tatu ni Switch Lite, ile ndogo, inchi 5.5, gramu 275 tu, tamu kwa mtoto au kwa mtu wa kuchezea kitandani. Haiendi kwenye tivi kabisa, na padi zimeunganishwa na mwili kwa hiyo kijiti kikianza kujisogeza chenyewe (na hivi vijiti vina ugonjwa huo) mashine nzima inaenda kwa fundi, wakati kwenye zingine unachomoa padi unaweka nyingine maisha yanaendelea.

Ya mwisho ni hiyo ya 2017, chukua tu kama itakaa kwenye tivi siku zote na umepunguziwa haswa. Nyingi za mwanzo zilichokonolewa ili zicheze gemu za wizi, zingine zimefungiwa mtandaoni moja kwa moja, kwa hiyo kabla hujatoa hela iunganishe waifai ufungue eShop, duka la gemu la Nintendo la mtandaoni, mbele ya muuzaji.

Kuhusu Switch 2, mrithi wa hizi zote, ya Juni 2025, nguvu inazo kweli ila chaji ni saa 2 mpaka 6.5, yaani tumerudi kulekule kwa ile ya 2017, halafu inataka memori kadi za microSD Express peke yake, zile ulizonazo haziwezi kubeba gemu zake.