Dawa ya kupaka embe SAWA, lakini lile duka mie sirudi

Nimenyamaza sana lakini leo nasema, maana wenzangu wa soko la Mwanakwerekwe hapa Unguja wanaiulizia ile dawa ya kupaka matunda, ile ya maji maji ya wanga wa muhogo, alovera na nta ya nyuki, ati tunda linakaa siku nyingi na ukilila halikudhuru. Mie nimeitumia msimu uliopita kwenye embe dodo ninazoletewa kutoka Pemba, na mnajua wenyewe embe ya Pemba mpaka ishuke bandarini Malindi hapa mjini ishapigwa jua kule bandari ya Mkoani, ishakandamizwa na mizigo ya watu, ikifika sokoni ishaanza kulainika. Na friji si dawa, embe mbichi ukiitia kwenye baridi chini ya nyuzi 13 hivi inaungua, ganda linapiga madoa na haiivi tena vizuri. Ndo nikasema hii itanifaa.

Dukani yule kijana kaniambia chovya, anua, weka. Nikamuuliza haitiwi maji? Akasema ishakuwa tayari hiyo mama. Chupani hamna maelezo hata mstari mmoja, picha ya tunda tu. Basi nikachovya tenga zima, zikakauka zinang'aa mashaallah, siku zinapita embe ngumu vile vile nami nafurahi. Mteja wangu wa juisi wa Michenzani akazibeba zote. Usiku napigiwa simu, bi mkubwa embe zako zinanuka tembo la mnazi! Nikenda mbio. Nikaikata moja mbele yake, nje nzima, ndani karibu na kokwa pameloa pamegeuka kahawia, na harufu ndo hiyo hiyo ya tembo. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke niingie, yule anawauzia watu wanaotoka msikitini.

Asubuhi nikaichukua embe moja nikaenda nayo dukani. Nimetoa salamu, kijana hajanyanyua uso, yuko na simu yake. Nikaiweka mezani nikamwambia mwanangu hebu inuse. Akaisukuma kwa ncha ya kalamu, kwa KALAMU jamani, akasema dawa haina tatizo, embe zenu nyie ndo mbovu. Hajainusa! Mtu mzima nimesimama pale na baibui langu, watu wananitazama, hata kiti sikuambiwa. Nikamwambia niitie mwenye duka, akanijibu hapa mwenye duka ni mie. Kwa umri ule hata kama kweli ndo wake, hivyo ndo kujibu?

Mtoto wa dada yangu aliyesomea kilimo ndo kanielewesha, tunda likishachumwa bado linapumua, kazi ya dawa ni kulipunguzia hewa lipumue polepole na maji yasilitoke, sasa ikiwa nzito hewa inakatika kabisa, tunda linachacha kwa ndani. Akachukua ile ile chupa, akaizimua na maji, embe akaziosha akazikausha kwanza, akazipaka nyembamba kwa kitambaa, akaziweka kwenye feni. Na nisiseme uongo, zile embe zimekaa. Wenzao wasiopakwa walishakunjamana ganda na kulainika, hizi bado zimejaa, na zilipoiva ziliiva tamu, hazina harufu yoyote. Zilizokuja na vidoa vyeusi tangu mtini ndo hazikupona, vile ni ukungu wa shambani, dawa haivitoi.

Kwa hiyo dawa nzuri, nasema nzuri, kwa mfanyabiashara wa embe za Pemba ni msaada mkubwa. Lakini kwani kuandika kwenye chupa "zimua na maji kiasi hiki" kuna gharama gani? Mstari mmoja tu! Tenga zima limekwenda jaani na mteja kaniondokea. Nilitaka kuwaambia nunueni ila muizimue, sasa nikiikumbuka ile kalamu nasema bora msinunue, walau si pale. Hela yangu hawajarudisha mpaka leo na namba yangu wameiblok.