Kitonga kwa Legacy: nilivyoachana na SUV

Miaka sita niliendesha SUV, na kila tulipopanda mlima wa Kitonga, wenye kona nyingi, kwenda Iringa binti yangu alitapika. Gari lile lilikuwa refu kwenda juu. Kona ya kulia linalala, linainuka, kona ya kushoto linalala tena. Mimi niliyeshika usukani sikusikia sana. Aliyekaa nyuma ndiye aliyeteseka.

Sasa ni mwaka wa tatu natumia Subaru Legacy ya 2005, ile ya stesheni wagoni yenye buti refu. Ni kizazi kilichotwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Japani kilipotoka 2003. Kimo chake ni sentimita 147 tu. Injini ni ya boksa: pistoni hazisimami wima, zimelala zikisukumana kushoto na kulia, kwa hiyo uzito unakaa chini, karibu na lami. Na magurudumu yote manne yanavuta. Habari hizi nilizisoma zamani. Kitonga ndiko nilikozielewa. Unakata kona na gari linakwenda pale pale ulipolielekeza, mwili wako haujasogea kitini. Nikatazama kwenye kioo: binti amelala, mdomo wazi, chupa ya maji imesimama pembeni yake.

Kuhusu mizigo, sijapungukiwa. Tukirudi Dar tulisimama Ruaha Mbuyuni, likaingia gunia la vitunguu na mabegi matatu bila kukunja kiti hata kimoja. Sakafu ya buti iko chini, kwa hiyo gunia hulinyanyui hadi kifuani.

SUV inashinda kwenye njia mbovu, hilo sibishi. Legacy yangu ina sentimita 15 tu kati ya tumbo lake na ardhi, na wakati wa masika naiacha kwa jirani kando ya lami, tunamalizia na bodaboda hadi kwa wazazi. Anayeishi kwenye tope anunue SUV bila wasiwasi. Lakini nyingi ninazoziona mjini hazijawahi kuacha lami, na wenyewe wanapenda kuendesha kama mimi. Hao nawasihi wajaribu wagoni angalau siku moja.

Ukiipata Legacy kama yangu, usilipe kabla fundi hajafungua kava na kuangalia mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali za injini zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Injini yake, iitwayo EJ20, hubadilishwa mkanda huo kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na mwambie apunguze bei.