Mziki wa sebule ndogo: upi ununue, upi uache, na ukifika nyumbani uuseti vipi

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu anauliza akifika dukani ni "hii ina wati ngapi?" na muuzaji nae analijua, anakugeuzia boksi unaona 10,000W PMPO imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la redio yenyewe. Hela nyingi zinapotelea hapo. Iyo PMPO haina kipimo cha pamoja, kila kiwanda kinaandika kinachotaka, kwaiyo usiitumie kulinganisha chochote. Tafuta RMS, yani wati za kweli ambazo redio inaweza kuzitoa mfululizo, na kama haijaandikwa popote geuza redio nyuma uangalie stika ya umeme, pale wameandika inakula wati ngapi. Kama inakula 60 basi haiwezi kukutolea elfu kumi, ata hizo 60 zenyewe nyingine zinaishia kwenye joto. Na wala namba ndogo isikutishe, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, sikio linahisi kidogo sana. Sebule ya futi 12 kwa 14, wati 20 za kweli kila upande ni kelele ya kutosha mpaka mwenye nyumba aje kugonga.

Sasa hii orodha nimeipanga kwa mtu anaetaka kusikiliza mziki vizuri ndani, chumba na sebule au nyumba ndogo ya kupanga, sio wa kupigia kwenye sherehe. Kama unatafuta wa sherehe hesabu zake ni nyingine kabisa.

Namba 1: redio ndogo ya mtumba kutoka Ulaya, yenye spika zake mbili za mbao

Hii ni ile yenye kisanduku kimoja kidogo katikati, CD juu au mbele, alafu spika mbili zinazojitegemea zimeunganishwa kwa waya. Sony za CMT, Panasonic za SC-PM, JVC za UX, Yamaha, na ukibahatika Denon za D-M, mfano D-M39, D-M40 na D-M41 ambazo zote ni wati 30 kila upande na hizo 30 ni za ukweli. Zinapatikana kwa wanaoleta mitumba ya vifaa vya umeme, Dar es Salaam zunguka Kariakoo, Zanzibar nenda Darajani na Mlandege, na wadau wa Nairobi wana Luthuli Avenue. Huko zilikotoka watu wameacha CD, wanasikilizia kwenye simu, kwaiyo wanatoa kitu kizima kwa bei ya kutupa. Na waliozitengeneza walitia hela kwenye boksi la spika na trensfoma, sio kwenye taa za rangi.

Ila mtumba una masharti na la kwanza kabisa ni umeme. Tanzania tunatumia volti 230, hertzi 50. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza, Ujerumani au Uholanzi ni 230 pia, unabadilisha plagi tu maisha yanaendelea. Iliyotoka Japani ya soko la ndani ni volti 100, na ya Marekani ni 120, ukichomeka moja kwa moja ukutani unasikia "tap!" na moshi juu. Kuna za soko la Uarabuni zina kiswichi nyuma cha kuchagua volti, 110-127 au 220-240, hizo ni nzuri ila hakikisha kiswichi kipo kwenye 220-240 KABLA hujachomeka, wengi hawaangalii. Muuzaji akikwambia ya Japani haina shida utaweka stepdauni, yani trensfoma ya kushusha volti, muulize stepdauni ni shilingi ngapi, jumlisha kwenye bei, alafu jiulize tena kama bado ni rahisi.

Alafu kuna hili la redio ambalo watu wanaligundua wakishafika nyumbani. Japani FM yao ya jadi inaanzia 76 inaishia 90, sisi stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Maana yake kipande kikubwa cha stesheni zako huzipati kabisa, na sio ubovu wa eriali, haijatengenezwa kufika huko. Na ukiona imeandikwa DAB usilipie hata mia ya ziada kwa ajili hiyo, ni redio ya kidijitali ya kwao, kwetu utatumia FM tu ya kawaida.

Namna ya kuikagua. Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua kabisa, na usikubali wakupigie flashi ya dukani, maana nyimbo za dukani zimechaguliwa kwa besi. Mi nawashauri watu waweke nyimbo za aina tatu: taarab ya zamani yenye fidla na ganuni, rhumba lenye magitaa ya seben, na singeli. Taarab itakuonyesha kama sauti za juu zinakwaruza, rhumba itakuonyesha kama kila gitaa linasikika kivyake au yamechanganyika yote, singeli itakuonyesha kama besi inapiga na kuacha au inavuma tu uuuuu bila kukatika. Anza na sauti ya chini. Mziki mzuri unasikika mzuri hata chini, ule mbaya lazima upandishe ndo uusikie. Zungusha volyumu taratibu, ikikwaruza ni vumbi, fundi anasafisha, sio shida kubwa ila ombea punguzo. Toa wavu wa spika uangalie ile ringi inayozunguka koni, kama ni ya sponji na inamomonyoka ukiigusa, iache au hesabu gharama ya kuibadilisha, ile ya mpira inadumu zaidi. Bonyeza koni kidogo kwa vidole pande zote, ukisikia inasugua ndani koili imeungua au imekaa upande, achana nayo.

CD kutosoma isikusumbue. Lensi ndo kitu cha kwanza kufa kwenye hizi redio na wewe utatumia simu, kwaiyo acha muuzaji aone aibu ashushe bei. Unachohitaji ni AUX, lile tundu la kuchomeka waya wa simu, nyuma au mbele. Kama haina Bluetooth unanunua kile kidude kidogo cha kupokea Bluetooth kinachomekwa kwenye AUX, kinakula umeme wa USB. Rimoti ulizia sana lakini, kuna redio ukikosa rimoti huwezi hata kurekebisha besi, vitufe vya mbele ni vya kuwasha na volyumu tu.

Namba 2: spika mbili mpya zenye amplifaya ndani

Kama huna muda wa kuzunguka mitumba au unataka kitu kipya chenye waranti, hapa ndo pa kwenda na hela yako haitakuuma. Mfano ninaoupenda ni Edifier R1280T, spika mbili za mbao zenye wufa (ile spika ya besi) ya inchi 4, wati 42 RMS kwa jumla, yani 21 kila upande. Haina Bluetooth, ila ndugu yake R1280DB inayo, na inayo optiko, tundu la waya wa mwanga, ya kuunganisha na TV. Nje huko zinauzwa kama dola 100 mpaka 150 kutegemea na ipi na wapi, weka usafiri na ushuru juu ya hapo.

Uzuri wake hamna sehemu nyingi za kuharibika, hamna CD wala mikanda. Ubaya hamna redio FM ndani, na ukitarajia besi ya kutikisa madirisha hutaipata kwa inchi 4, ila sauti ya mwimbaji inakaa katikati kabisa kama yupo mbele yako, na kwa mimi hicho ndo kitu ninachonunulia mziki. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei tu. Kwa hela hiyohiyo mtumba mzuri unakupa zaidi, ila ujue kukagua.

Namba 3: sabufa

Najua wengi ndo mnachotaka na sisemi ni kitu kibaya. Seapiano, Sundar, na Kenya Sayona na Vitron, ziko kila duka, bei yake inafikika, zina FM, flashi, memori kadi na Bluetooth vyote kwa pamoja. Na kuna jambo moja sabufa inawashinda wote hapo juu: nyingi zina sehemu ya kuunganisha betri ya volti 12. Kama uko kijijini unatumia sola au mtaani kwenu umeme unakatika kila siku, ruka moja kwa moja mpaka hapa, namba moja na mbili hazikuhusu.

Shida yake ni katikati. Vile vispika vidogo vya inchi 3 haviwezi kushuka chini, na lile boksi la besi haliwezi kupanda juu, kwaiyo sauti ya binadamu ambayo iko katikati inabaki nyembamba. Ndo maana kwenye sabufa nyingi unasikia "tsi tsi" na "dum dum" ila maneno ya wimbo unayakisia. Fungua nyingi za bei ya chini utakuta IC (chipu za kukuza sauti) za TDA2030, moja ya hizo inatoa kama wati 14 mpaka 18 ikiwa na hali nzuri, sasa linganisha na namba ya kwenye boksi. Wala hiyo IC sio mbaya, mafundi wanaijua, ni rahisi na inapatikana kila kona, ikiungua jioni unaweza ukawa unasikiliza mziki kesho yake.

Ukinunua sabufa chagua yenye boksi la mbao, ligonge kwa kidole, likilia kama ndoo tupu acha. Inyanyue pia, yenye trensfoma ni nzito. Vispika vya pembeni vikubwa ni bora kuliko wufa kubwa, bora wufa ya inchi 6 na nusu na vispika vya inchi 4 kuliko wufa ya 8 na vispika vya mchezo. Alafu ukifika nyumbani shusha ile nobu ya besi chini ya nusu. Watu wanaiacha mwisho kabisa kisha wanalalamika haieleweki.

Namba 4 na 5: saundiba na hom thieta

Saundiba ni ya TV. Kwa taarifa ya habari na muvi ni nzuri sana, inaunganishwa kwa HDMI ARC au optiko na haina fujo la waya, lakini spika zake zimebanana kwenye kipande kimoja kwaiyo kushoto na kulia havitengani vya kutosha. Hom thieta ya spika tano mi siipendekezi tena kwa sebule ndogo, mziki karibu wote umerekodiwa wa njia mbili, hizo spika za nyuma zinakaa bure, waya zinakatiza miguuni, na ikifa mashine ya katikati spika zake nyingi ni za ohmu (kipimo cha ukinzani wa spika) 3 au 4 kwaiyo hupati kwa urahisi amplifaya ya kuzitumia.

Mwisho kabisa: spika ya Bluetooth ya kubeba

Kwa safari na jikoni sawa. Kama mziki wa sebuleni hapana, hata JBL Flip 5 na Flip 6 ambazo ni nzuri kwa ukubwa wake ni mono, yani kushoto na kulia vinatoka pamoja, upate stereo lazima ununue mbili uziunganishe, na betri inazeeka.

Ukishafika nayo nyumbani

Hapa ndo watu wanapoteza nusu ya walichonunua. Usiweke spika zote mbili zimegusana juu ya kabati, yani stereo yote umeiua. Ziachanishe kama mita moja na nusu mpaka mbili, na wewe ukae umbali kama huohuo ili mtengeneze pembetatu, twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Kutoka ukutani acha sentimita 20 au 30, ukizisukuma kabisa ukutani au kwenye kona besi inajaa na kuvuma. Kuna spika zina tundu la hewa nyuma, hizo ndo kabisa zisibanwe. Sabufa nayo itoe ndani ya kabati.

Waya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande ZOTE mbili. Ukigeuza upande mmoja redio itapiga na haitaungua ila besi itapotea na mwimbaji hutajua amesimama wapi, na wengi wanaishi hivo miaka. Ukihisi besi imepungua ghafla baada ya kuhama nyumba, angalia hapo kwanza. Ukiongeza waya nunua wa shaba wa milimita moja hivi au moja na nusu, kwa mita chache unatosha kabisa. Na angalia ohmu, redio ikisema 6 usiweke spika za 4, itapata moto na kuzimika.

Sebule zetu zina vigae chini na kuta za saruji tupu, sauti inadunda kila mahali. Zulia mbele ya spika, mapazia mazito, makochi ya kitambaa, hivo vitu vinabadilisha mziki kuliko kuongeza wati.

Simu ukiichomeka kwa AUX weka volyumu ya simu juu karibu na mwisho, alafu punguzia kwenye redio, ukifanya kinyume unakuza ile kelele ya "shhhh". TV ukiunganisha kwa optiko na hamna sauti, ingia seting za sauti kwenye TV uchague PCM. Ukisikia mngurumo mzito usioisha baada ya kuunganisha kisimbuzi, chomoa waya wa dishi kwanza uone kama unaisha, mara nyingi unaingilia huko. Flashi isiposoma ifomati FAT32, na weka MP3 za kawaida, redio za zamani hazijui mafaili mengine. Tena wimbo uliorushwa rushwa WhatsApp mara kumi usiulaumu mziki.

Nunua na gadi ya volteji, ile ya TV inatosha, inakata umeme ukishuka au ukipanda na ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Radi zikianza chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa eriali.